Ilifyatuka au Ilifyatuliwa?

Kiswahili kina njia tatu za kusimulia mlio mmoja wa bunduki. Fulani alifyatua bunduki, bunduki ilifyatuliwa, bunduki ilifyatuka. Katika ya kwanza mtu yuko mbele ya macho ya msikilizaji, na kidole chake kinaonekana. Katika ya pili amejificha nyuma ya pazia, ila nyayo zake zinachungulia kwa chini, kwani kilichotendwa hakikosi mtenda. Katika ya tatu hayupo kabisa. Chuma kilikuwa kimelala, chuma kimeamka, chuma kimelia. Kiambishi hicho kidogo, ambacho hakina hatia yoyote isemwapo kuwa kikombe kimevunjika au nguo imechanika, kimekuwa wakili wa bure wa watu wengi. Msomaji wa magazeti amekwisha kukutana nacho: bunduki ya mlinzi ilifyatuka alipokuwa akiisafisha, bastola ilifyatuka kiunoni, gobore lilifyatuka porini. Msiba husimuliwa tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyefanya kitu.

Yapo pia mazungumzo yanayokwenda kinyume cha hayo. Silaha iliyotakiwa kulia haikulia. Aliyeishika anasema imemwangusha. Aliyemuuzia, au aliyemfunza, anasema la, mkono wako ndio uliomwangusha mwenzake. Lawama husafiri baina ya chuma na nyama kama mpira, na kila mmoja anaupiga kwa mwenzake kabla haujatua. La kujiuliza ni hili: chombo kinapokosea, ama kwa kunyamaza pasipostahili au kwa kulia pasipostahili, kosa ni la nani? Na je, kipo kipimo cha haki cha kuligawa, au kila mwenye nguvu hulisukuma upande anaoutaka?

Mahali pazuri pa kulianzia swali hili ni Magindu. Magindu ni kata ya Wilaya ya Kibaha, Mkoa wa Pwani, kandokando ya Reli ya Kati, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Morogoro mwaka 1907. Kisarawe haiko mbali. Ni nchi ya Wakwere na Wazaramo, nchi ya mihogo na mahindi, na siku hizi ni nchi ya wafugaji pia, na ng'ombe na shamba havijapata kuishi kwa amani popote duniani. Lakini adui wa kale wa shamba ni nguruwe pori. Huja usiku, hula kidogo na kuharibu kingi. Na silaha ya kale ya mkulima dhidi yake, katika bara lote la Pwani, ni gobore.

Asiyelijua gobore hudhani kwamba kulifyatua ni kazi ya kidole. Kidole huja mwisho kabisa. Kwanza mwindaji hupima baruti, mara nyingi kwa kiganja, na kiganja cha mtu mmoja si sawa na cha mwingine. Huimimina mtutuni, hufuatisha kitambaa au makapi, hushindilia kwa mdeki. Kisha marisau, kisha kitambaa tena, kisha mdeki tena, na mshindilio uwe wa kadiri: ukilegea, moto huungua bila nguvu, ukipita kiasi, nguvu hukosa njia. Mwisho huweka fataki chini ya nyundo. Masika yakiwa makali baruti hunyonya unyevu, na ndipo husikika ule mlio mdogo wa fataki peke yake, ambao nguruwe huusikia pia. Na baruti ikizidi, mtutu, ambao aghalabu ni bomba lililofuliwa na mhunzi wa kijijini, hupasuka na kuondoka na vidole.

Hapo muulize mwenye gobore lililokataa kulia: kosa ni la nani? Hawezi kukujibu kwa neno moja, na kutoweza kwake si ujinga bali ni ujuzi. Mhunzi alifua, yeye alipima, mvua ilinyesha, jirani ndiye aliyemwazima baruti. Gobore ni chombo ambacho mkono wa mtu umo ndani yake kila hatua, kiasi kwamba mpaka baina ya silaha na mwenye silaha hauonekani. Kwa sababu hiyo mwindaji wa gobore ni nadra kulisema vibaya gobore lake mbele ya watu. Angekuwa anajisema mwenyewe.

Silaha ya kiwandani ilikuja na ahadi tofauti. Ilidaiwa kwamba hesabu yote imekwisha kufanywa mbali huko na mafundi wenye mizani. Risasi imekwisha kufungwa ndani ya ganda lake, baruti imepimwa, fataki imepachikwa. Kilichobaki ni kidole. Mwaka 1911 jeshi la Marekani liliichagua bastola iliyobuniwa na John Browning baada ya majaribio ambamo ilifyatuliwa risasi 6,000 bila kukwama hata mara moja. Hapo ilionekana kana kwamba chuma kimekwisha kujitegemea.

Kumbe sivyo. Bastola ya aina hiyo, inayojipakia yenyewe, hufanya kazi kwa hila moja nzuri sana. Risasi inapoondoka kwenda mbele, nguvu ileile husukuma kifuniko cha juu kirudi nyuma. Kikirudi, huvuta ganda tupu na kulitupa nje. Halafu springi hukirejesha mbele, nacho njiani huokota risasi mpya kutoka kwenye magazini na kuiingiza mahali pake. Yote hayo ni chini ya kufumba na kufumbua. Lakini ili kifuniko kirudi nyuma, sharti sehemu ya chini isirudi pamoja nacho. Lazima kuwe na kitu kilichoishikilia. Kitu hicho hakimo ndani ya sanduku la kiwanda: ni kifundo cha mkono wa mpigaji. Kifundo kikilegea, bastola nzima husogea nyuma, kifuniko hakipati umbali wake, ganda hunasa mlangoni, na mpigaji hubaki ameshika chuma kisicho na faida kuliko jiwe. Bastola nyepesi zenye fremu ya plastiki, kama Glock ya Austria iliyoenea tangu miaka ya 1980, zinauhitaji mkono huo zaidi kuliko zile nzito za zamani, kwa kuwa uzito wa chuma nao ulikuwa ukisaidia kushikilia. Rivolva haina sharti hilo. Gurudumu lake huzungushwa na kidole, na mkono dhaifu unaweza kukosa shabaha lakini haulikwamishi gurudumu.

Maana yake ni nzito kuliko inavyoonekana. Mkono wa mtu ni kipuri cha bastola. Mtengenezaji ameuhesabu mkono huo katika mchoro wake, bila kujua ni mkono wa nani. Kwa hiyo mtu anaposema bastola hii ni madhubuti, anasema kitu kisichokamilika. Ni kama kusema kwamba daraja ni madhubuti bila kutaja ukingo wa mto. Umadhubuti si sifa ya chuma peke yake. Ni sifa ya ndoa baina ya chuma na mkono, na ndoa ikivunjika wasuluhishi husikiliza pande zote mbili.

Lakini wasuluhishi ni wachache. Wengi ni mashabiki. Shabiki wa silaha fulani, akiambiwa kwamba imekwama, hujibu kabla hajauliza: mkono umelegea. Aliyekwamishwa naye hujibu kabla hajajipima: chuma kibovu. Wahenga wa Kiswahili wanaonekana kuwa upande wa shabiki, kwani walisema mchagua jembe si mkulima. Ni methali ya haki, ila imetumika kwa dhuluma mara nyingi. Haikusema kwamba majembe yote ni sawa. Mkulima wa Magindu anajua jembe lenye mpini uliolegea, anajua chuma kinachopinda kwenye udongo mgumu, na hukaza na kunoa kabla ya mvua. Methali inamsema yule anayekagua majembe hadi jua linatua, na shamba linamngoja. Kuigeuza iwe na maana kwamba mkulima hana ruhusa ya kulilaumu jembe ni kumpa muuza majembe cheti cha kuuza kitu chochote.

Wapenzi wa ushairi wana mfano wao wa ugomvi huu. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, alikuwa akieleza jembe. Miaka ishirini baadaye Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, mwaka 1974, na watu wakagawanyika: wengine wakisema vina na mizani vinamfunga mshairi, wengine wakisema anayelia kwamba vina vinamfunga hajajifunza kushika kalamu. Kila upande ulikuwa na ushahidi wake. Ni kweli kwamba wapo waliolalamikia mizani kwa sababu tu hawakuweza kuihesabu. Na ni kweli vilevile kwamba wapo waliohesabu mizani maisha yao yote na hawakuandika ubeti hata mmoja wenye uhai. Ugomvi huo haukwisha, na si vibaya usipokwisha, kwani katika ushairi hakuna anayekufa.

Katika bunduki watu hufa. Na hapa pwani na bara yake kuna historia inayolifundisha swali hili kwa gharama isiyosahaulika. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alitoa maji yaliyochanganywa na mbarika na mtama, na watu wakaambiwa kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Vita vilianza Umatumbi mwezi Julai na vikaenea, Uzaramo ikiwa ndani yake. Jina la Kibasila wa Kisangire, katika Kisarawe ya leo, limehifadhiwa na shule ya Dar es Salaam inayoitwa kwa jina lake. Maji yale yalikuja na miiko. Mpiganaji ajizuie na wanawake. Asipore mali. Na risasi ilipomwangusha mtu, jibu lilikuwa tayari: huyu alivunja mwiko. Dawa ni nzima. Mkono wake ndio uliolegea.

Tazama jinsi jibu hilo lilivyo kamili. Halina mlango wa kuingilia. Anayepona ni shahidi wa dawa, anayekufa ni shahidi wa uvunjaji wa miiko, na maji hayashtakiwi kamwe. Tarehe 30 Agosti 1905, mbele ya boma la Mahenge, watu walikwenda mbele kwa mamia wakielekea bunduki za bombomu, na ni nani leo atakayesimama aseme kwamba wote wale walivunja mwiko? Kinjikitile mwenyewe alikuwa amekwisha kunyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti. Hakuweza tena kuulizwa. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, aliona vizuri kwamba shida haikuwa maji tu, bali neno lililotoka kinywani mwa mtu na kumshinda mwenyewe ukubwa.

Yafaa kutahadhari hapa. Si haki kuwacheka wapiganaji wa Maji Maji kwa imani yao na kumsamehe shabiki wa bastola kwa yake. Yule asemaye kwamba silaha fulani haikwami kamwe, na kila ikikwama ni mkono, amefunga mlango uleule. Dai lisiloweza kushindwa na ushahidi wowote ni maji, hata likiwa limetengenezwa kwa chuma cha Ulaya. Kipimo kinachofaa ni rahisi, na mwindaji yeyote mwenye akili anakijua: mpe mtu mwingine silaha ileile, kisha mpe mtu yuleyule silaha nyingine. Ikikwama mikononi mwa wote, chuma kina neno la kujibu. Ikikwama kwa mmoja tu, na huyo akakwamisha na nyingine, basi ajitazame kifundo chake. Taabu ni kwamba vita havimpi mtu nafasi ya jaribio la pili, na mara nyingi wala nguruwe hampi.

Upande wa pili wa mizani upo pia, na umeandikwa Uhehe. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, kikosi cha Emil von Zelewski kilikuwa na bunduki za kisasa na askari waliofunzwa, na kilikuwa na bombomu pia. Hakuna aliyeweza kusema kwamba silaha zile zilikuwa mbovu. Lakini kikosi kilikuwa kikitembea kana kwamba kipo nyumbani. Bunduki za askari hazikuwa zimejazwa risasi, na bombomu zilikuwa zimefungwa juu ya migongo ya punda. Wahehe wa Mkwawa walipotoka vichakani na mikuki, shauri lilikwisha kwa muda mfupi sana, na Zelewski mwenyewe akafa kwa mkuki. Pale hakuna chuma kilichokwama. Kilichokwama ni dhana ya mtu kwamba chuma kinatosha.

Zanzibar inatoa mfano wa tatu, ambao hauko upande wowote kati ya hiyo miwili, na pengine ndiyo sababu hautajwi sana katika mabishano ya namna hii. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 Sayyid Khalid bin Barghash alikuwa na mizinga yake mbele ya jumba, miongoni mwake mizinga miwili iliyotunukiwa na Kaisari wa Ujerumani, na merikebu Glasgow ikiwa nangani. Manowari za Kiingereza zilianza kupiga baada ya saa tatu, na kabla saa nne haijafika mambo yalikuwa yamekwisha. Waliouawa na kujeruhiwa upande wa jumba walikaribia 500. Waliokaa nyuma ya mizinga ile hawakukosa moyo. Unaweza kuzungumza juu ya mkono imara na mkono mlegevu hadi kesho, lakini ipo hali ambayo mizani ya vyuma imezidiana mno hata mkono hauna la kuongeza. Anayesahau hali hiyo hugeuka kuwa mtu wa kuwalaumu maskini kwa umaskini wao.

Basi lirejewe lile la kwanza, la silaha iliayo pasipostahili. Wagiriki wa Athene walikuwa na baraza lililoweza kushtaki hata kitu kisicho na roho kilichomwua mtu, na kukitupa nje ya mipaka ya nchi. Uingereza iliendelea kwa karne nyingi na desturi ya kutaifisha kitu kilichosababisha kifo, gurudumu au farasi, mpaka sheria ilipoifuta mwaka 1846. Msomaji atacheka, lakini anayesema ilifyatuka na kuishia hapo amewatangulia Waathene kwa hatua moja: wao angalau walikiadhibu chuma. Aristotle, aliyeishi na kufundisha katika mji uleule, alikuwa makini zaidi. Alipokuwa akichambua matendo yasiyo ya hiari katika kitabu cha tatu cha Maadili yake, alimtaja mtu aliyetaka tu kumwonyesha mwenzake jinsi mtambo wa kurushia makombora unavyofanya kazi, ukamponyoka. Amepita zaidi ya miaka 2,300, na mtu yule bado yu hai. Leo anaonyesha bastola sebuleni.

Fikihi, ambayo wasomaji wa pwani wameisoma tangu vyuoni, imeligawa jambo hili kwa namna ya kupendeza akili. Kuua kwa kukosea si kuua kwa kusudi, na aliyekosea haitwi mwuaji wa makusudi. Lakini haachiwi. Suratun-Nisaa, katika aya ya 92, imeweka mambo mawili: diya kwa jamaa za aliyekufa, na kafara, nayo ni kumwacha huru mtumwa muumini, na asiyeweza afunge miezi miwili mfululizo. Wanazuoni wakaeleza kwamba diya hiyo hubebwa na akila, yaani jamaa wa kiumeni wa aliyekosea, na wala hatupiwi yeye peke yake. Kafara haibebwi na mtu mwingine. Ajabu ya mgawanyo huu ni kwamba hauulizi tu kosa ni la nani. Unauliza mzigo ubebwe na nani, na ni sehemu gani ya mzigo isiyobebeka na mwingine. Mtu anayefunga siku sitini kwa ajili ya bunduki iliyofyatuka ana muda wa kutosha wa kukitafakari kiambishi chake.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania nayo, kwa njia yake, haikubali kwamba chuma kina hiari. Inamwekea mtu aliye na kitu cha hatari chini ya mamlaka yake wajibu wa kuchukua hadhari inayostahili, na uzembe wa kupindukia katika wajibu huo, ukileta kifo, huitwa kuua bila kukusudia. Mwaka 2012, tarehe 2 Septemba, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, Mufindi, kwa bomu la machozi lililopigwa karibu na mwili wake. Silaha ile ilitengenezwa ili itawanye watu bila kuwaua. Haikuwa na hitilafu. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimtia askari mmoja hatiani kwa kuua bila kukusudia na kumhukumu kifungo cha miaka 15. Tena Februari 2018, huko Kinondoni, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliyekuwa ndani ya daladala aliuawa kwa risasi wakati polisi wakitawanya waandamanaji. Yeye hakuwa akiandamana; alikuwa abiria. Risasi iliyompata iliitwa ya bahati mbaya, na bahati, kama ilivyo chuma, haipandishwi kizimbani.

Hapa ndipo suala la ufundi wa mkono linapogeuka kuwa suala la maadili, na wengi hawapendi ligeuke. Mafunzo ya shabaha huonekana kuwa jambo la viwanja na makofi: simama hivi, pumua hivi, shika hivi, usivute kidole kwa pupa. Vijana wamepita katika kambi ya Ruvu, mkoa huohuo wa Pwani, kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa lililoanzishwa mwaka 1963, wakikaripiwa kwa mambo madogo ambayo kwao hayana maana: kidole kikae nje ya kifyatulio, mtutu usielekezwe kwa mtu hata kwa mzaha. Madogo hayo ndiyo maadili yenyewe. Kwani dakika ile ya mlio haina nafasi ya uamuzi. Kilichoko mkononi wakati huo ni mazoea tu. Uamuzi ulifanyika zamani, siku mtu alipoona uvivu wa kusafisha, au alipokubali kupokea silaha asiyoijua, au mkubwa wake alipomkabidhi kwa kuwa zamu ilikuwa imepungukiwa na mtu. Ukimtafuta mwenye kosa katika nukta ya mlio utamkosa, nawe utarudi ukisema ilifyatuka. Mtafute miezi sita nyuma.

Ukimtafuta huko nyuma, hutamkuta peke yake. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 ghala za silaha za kambi ya Gongo la Mboto, njia ya kwenda Pugu na Kisarawe, zililipuka; watu wasiokuwa na habari yoyote ya silaha walipoteza maisha majumbani mwao, na watoto walikimbia gizani wakapoteana na wazazi. Ilikuwa imekwisha kutokea Mbagala tarehe 29 Aprili 2009. Hapo hapakuwa na kidole wala kifundo cha mkono, na bado neno yalilipuka halitoshi, maana mabomu hayajipangi ghalani yenyewe wala hayajichagulii jirani. Mkono ulikuwapo. Ulikuwa mrefu tu, wa watu wengi, na mkono wa watu wengi ni mgumu kuufunga pingu. Akila wa fikihi angekuwa na kazi hapa, kwa sababu diya ya aina hiyo haina budi kubebwa na wengi.

Mkulima wa Magindu yuko mwisho wa mnyororo huu, na mara nyingi ndiye wa kwanza kulaumiwa. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, haimwoni kama mlinzi wa mahindi bali kama mtu mwenye silaha, na gobore lisilo na kibali ni hatia mikononi mwake, liwe zima au bovu. Sheria ina sababu zake, kwani gobore lililonunuliwa kwa ajili ya nguruwe limepata kuelekezwa kwingine, na mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Lakini nguruwe naye hajasoma sheria. Umoja wa Afrika umeufanya Septemba kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu, na magobore ya vijijini huwa miongoni mwa zinazotolewa, yamefungwa kwa mpira wa baiskeli na kutu imekula nyundo.

Kwa anayelipokea gobore la namna hiyo mezani kuna jambo moja la kufanya kabla ya kuandika jina la mleta. Mleta atasema halina kitu. Pengine ndivyo anavyoamini. Pengine lilishindiliwa na marehemu baba yake na likapachikwa darini miaka kumi iliyopita. Gobore halifunguki kwa nyuma kama bunduki ya kiwandani, na mtutu wake ni giza tupu. Basi huchukuliwa mdeki ukateremshwa ndani taratibu, mtutu ukielekezwa pasipo na mtu, hadi ugote. Huwekwa alama ya kidole pale mdomoni mwa mtutu, mdeki ukatolewa, ukalazwa kwa nje kando ya chuma, na kutazamwa kama ncha yake inafika kwenye fataki au inaishia vidole vinne kabla.